Kwa Zuhura, kuhusu sindano na viatu

Eldoret, Jumapili jioni

Zuhura mwenzangu,

Salamu nyingi kwako, kwa mzee na kwa watoto. Sisi huku ni wazima, ila mvua imekataa kukatika na nguo hazikauki. Barua yako niliisoma nikicheka mpaka nilipofika pale ulipoandika maneno ya kijana wako. Ameuliza swali la kikubwa. Kama kiatu cha mbio chenye bamba la kaboni kinaruhusiwa, na mkimbiaji anaruhusiwa kwenda kukaa mlimani miezi kadhaa ili damu yake iongezeke, kwa nini akijidunga sindano ya EPO inayofanya kazi hiyohiyo aitwe mwizi? Unataka nimjibu kwa sababu nakaa karibu na Iten, mji wa wakimbiaji, na kila siku dawa hiyo inapita mikononi mwangu. Nitajaribu, lakini sitamjibu kama polisi.

Nianze na dawa yenyewe, maana watu wanaizungumzia kama uchawi. EPO ni homoni, na figo zako na zangu zinaitengeneza hata sasa. Zikihisi oksijeni imepungua kwenye damu, zinaitoa, nayo inauamrisha uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu zaidi. Ndiyo sababu wageni wanatoka Ulaya kuja kukimbia Iten, mita 2,400 hivi juu ya bahari, ambako hewa ni hafifu. Sasa mgonjwa ambaye figo zake zimekufa hana wa kuuamrisha uboho huo. Damu inapungua, anapanda ngazi tatu anatafuta pa kukaa. Zamani wagonjwa hawa waliishi kwa kuongezewa damu. Jeni ya EPO ilinaswa maabara mwaka 1985, na 1989 dawa yake ikaidhinishwa Marekani kwa wagonjwa wa figo. Ukiwahi kumwona mtu aliyeletwa kwa kiti cha magurudumu akirudi baada ya miezi michache kwa miguu yake, hutaisema vibaya dawa hiyo tena.

Tunaye mama mmoja, mkulima, tunamsafisha damu kwa mashine Jumanne na Ijumaa. Juzi nilipokuwa nikimfunga mkono alininong'oneza: "Sista, ile sindano leo niongezee kidogo. Wiki ile nilipalilia mahindi mwenyewe." Nikaangalia fomu yake: himoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, imefika gramu 11.8 kwa desilita. Nikamwambia mama, leo hatudungi kabisa, tunapumzika. Alinuna mpaka mashine ikazimwa. Na alikuwa na haki ya kununa, kwa sababu kwa hesabu yake nguvu ni nguvu, zikiongezwa zinazidi. Madaktari wenyewe waliwaza hivyohivyo. Mwaka 2006 ukatoka utafiti mkubwa wa Marekani: wagonjwa waliosukumwa kufikia 13.5 walipata vifo na matatizo ya moyo zaidi kuliko walioachwa kwenye 11.3. Utafiti mwingine wa 2009, kwa wagonjwa wa figo wenye kisukari, ukaonyesha kiharusi kikikaribia kuongezeka maradufu kwa waliopewa dawa. Damu inakuwa nzito, shinikizo linapanda, mishipa inaziba. Tangu hapo mwongozo ni kwamba kwa kawaida usimpitishe mgonjwa wa namna hii 11.5.

Hapo ndipo namkumbuka Aristotle, ambaye baba yake alikuwa tabibu, na inaonekana kwenye maneno yake. Alisema wema uko katikati, lakini si katikati ya rula. Chakula kinachomtosha Milo, yule mpiga mieleka wa Croton, kitamvimbisha anayeanza mazoezi leo. Kiasi kinatafutwa kwa mtu huyu, leo hii, na wa kukitafuta ni mwenye busara aliyezoea kazi. Nikisimama na ile fomu ya 11.8 mkononi, hicho ndicho ninachokifanya, hata kama kwenye ripoti naandika tu kwamba dozi imesitishwa.

Unakumbuka somo la maadili chuoni? Mwalimu alisoma, sisi tukaandika: uhuru wa mgonjwa, kumtendea mema, kutomdhuru, haki. Tukakariri, tukafaulu mtihani, basi. Ukijaribu kumjibu kijana wako kwa hayo manne atakushinda asubuhi na mapema. Uhuru? Mwanariadha ametaka mwenyewe. Madhara? Awepo daktari, ampime damu kila wiki. Haki? Waruhusiwe wote. Siwadharau walioyaandika, yananisaidia sana nikigombana na ndugu wa mgonjwa. Ila kwa swali hili navutiwa na njia ya wazee wa fadhila, wanaouliza: anayefanya jambo hili mara kwa mara anazoea kuwa mtu wa namna gani? Na shughuli yenyewe ina uzuri gani wake?

Alasdair MacIntyre, mwanafalsafa mzaliwa wa Scotland aliyefariki mwaka 2025, alikuwa na mfano wa mtoto anayefunzwa sataranji kwa kuahidiwa peremende kila akishinda. Maadamu anachotaka ni peremende, hana sababu ya kutoiba mchezoni akipata nafasi. Siku akionja utamu wa mchezo wenyewe, kule kupanga na kuona mbali, wizi haumfai tena, maana akiiba anajinyima kile alichokijia. Mbio nazo zina utamu wake wa ndani. Vijana wa hapa wanaujua: kutoka alfajiri kwenye baridi, kushika mwendo wa kundi mapafu yakiwaka, kujua leo nisukume au leo nipumzike. Usimdanganye kijana kwamba anayejidunga hafanyi mazoezi. Anafanya, pengine makali zaidi ya wenzake. Ila mwili wake umeacha kumwambia ukweli. Uchovu ulikuwa mwalimu wake, amemziba mdomo, na ile busara ya kujijua haimjii tena.

Kisha kuna uongo, ambao hautosheki na mmoja. Jemima Sumgong alituletea dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kwa wanawake wa Kenya katika marathoni, Rio 2016. Sote tulishangilia wodini, hata waliokuwa kwenye mashine. Mwaka 2017 akapatikana na EPO, akafungiwa miaka 4. Katika kujitetea zikaletwa nyaraka za matibabu ambazo jopo liliona ni za uongo, na adhabu ikawa miaka 8. Simwandiki ili nimsute. Nataka kijana wako aone jinsi jambo lililoanza na damu lilivyohamia kwenye karatasi.

Najua atarukia hoja ya maumbile. Atakutajia Eero Mäntyranta, Mfini wa kuteleza kwenye theluji, aliyechukua medali 7 za Olimpiki miaka ya 1960. Mwaka 1993 wanasayansi waliandika kwamba ukoo wake una badiliko la kurithi katika kipokezi cha EPO, kwa hiyo damu yake ilikuwa nzito tangu kuzaliwa. Au atataja mahema yenye hewa hafifu, yanayomwezesha mtu kulala Amsterdam kama amelala Iten. Wakuu wa vita dhidi ya dawa za kuongeza nguvu michezoni walifikiria kuyapiga marufuku mwaka 2006, wakayaacha. Hapo mkubalie. Kwamba kitu ni cha asili au cha maabara hakutuambii lolote. Mama yangu wa Jumanne na Ijumaa anaishi kwa kitu cha maabara.

Basi ukiondoa uongo na ukiondoa hoja ya maumbile, kinabaki nini? Waandalizi wa Enhanced Games, michezo ile ya Las Vegas waliyoitangaza Mei 2025, wanasema hakibaki kitu. Dawa za kuongeza nguvu ni ruhusa, madaktari wapo, na waliahidi dola milioni 1 kwa atakayevunja rekodi ya dunia ya mita 100. Nimewaza sana kuhusu yule daktari wa huko. Mimi najua wapi pa kusimama kwa sababu nafuata afya ya mgonjwa, na afya ina mpaka, nikifika 11.5 kazi yangu imekwisha. Yeye anafuata saa ya kupimia mbio. Kipimo chake ni mpinzani, na mpinzani naye ana daktari. Hakuna namba ambayo mmoja wao ataiona na kusema inatosha, tupumzike. Anavaa koti letu, anashika sindano yetu, lakini nashindwa kuiita kazi hiyo utabibu. Kiasi hakina pa kukaa pale, hata kama kila mmoja wao ni mkweli kama malaika.

Viatu vinanisumbua zaidi, nikwambie kweli. Vile vya Nike vya 2017 vilipimwa Colorado, wakimbiaji wakaonekana wanatumia nishati pungufu kwa asilimia 4 hivi. Kipchoge alipokimbia umbali wa marathoni Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, kwa saa 1:59:40, alikuwa na kiatu ambacho hakikuwa dukani, na wasaidizi wa kumkinga upepo wakipokezana. Haikuandikwa kuwa rekodi. Miezi michache baadaye shirikisho la riadha la dunia likaweka mpaka: soli isizidi milimita 40, na bamba liwe moja. Kwangu ile 40 ni ndugu wa ile 11.5, watu wamekaa wakatafuta kiasi. Kiatu kinaonekana na kila mtu, hakimgusi mtu moyo wala ubongo, na kinavuliwa. Lakini huku ninawaona vijana wakivinunua mitumba, soli imeshakufa, kwa bei ya mbuzi, kwa sababu bila hivyo hakuna wakala atakayewatazama. Hapo haki inalia, na sina jibu la kumridhisha.

Na wasije watu walioshiba wakawafundisha vijana hawa tabia njema. Mbio moja ya Ulaya inaweza kununua shamba la baba lililouzwa kwa ajili ya karo. Mwaka jana mwanamume mmoja aliyevaa vizuri alinikuta koridoni akaniuliza, kwa sauti ya kuulizia bei ya nyanya, zile sindano za wagonjwa waliofariki zinakwenda wapi. Nikamwonyesha mlango wa msimamizi wa famasia, akaondoka upande wa pili. Dawa hii inakaa kwenye friji na inasafiri na barafu; haimfikii kijana wa miaka 20 kijijini bila mtu wa fani yetu kufungua mlango mahali fulani. Magazeti yanaandika jina la mkimbiaji. La aliyeitoa kwenye friji silioni, na ningependa wanaojadili fadhila waanzie kwake.

Mwambie kijana aniandikie mwenyewe, hasa kuhusu viatu, maana nadhani pale ana hoja ambayo hajaimalizia. Likizo ya Desemba mlete. Nitaomba ruhusa kwa kocha mmoja ninayemfahamu, akimbie na kundi la wanaoanza asubuhi moja, kama atalimudu. Aje na sweta mbili, na wewe uniletee kashata na pilipili za kuanika, za huku hazina ukali wowote.

Wako,
Mwanaisha