Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: kipimo cha tishu kitenganishe nakala mbili za jeni

Mheshimiwa Waziri,

Hospitali ya Benjamin Mkapa ilianza kupandikiza figo mwaka 2018, na leo watoto wenye selimundu wanapandikizwa uloto hapahapa Dodoma badala ya kusafirishwa India. Sisi wa maabara tunaona fahari. Ombi langu linahusu hatua inayotangulia yote hayo, yaani kipimo cha ulinganifu wa tishu, kinachoonyesha kama tishu za mtoaji na za mgonjwa zinalingana.

Jeni za HLA, ndizo zinazopimwa kuona ulinganifu huo, ziko kwenye kromosomu ya 6, na kila mtu ana nakala mbili, ya baba na ya mama. Njia zilizozoeleka husoma zote mbili kwa mpigo. Zinaonyesha kwamba mahali fulani pana herufi za DNA C na T, na mbele kidogo pana A na G. Je, C imekaa nakala moja na A, au na G? Hazisemi. Jozi mbili tofauti za jeni zinaweza kutoa jibu lilelile, na anayesaini majibu huishia kuchukua ile iliyozoeleka zaidi. Imezoeleka kwa nani? Orodha za dunia zimejaa sampuli za watu wenye asili ya Ulaya, ilhali Afrika ndiko vinasaba vinakotofautiana zaidi. Mgogo wa Chamwino au Mrangi wa Kondoa anakadiriwa kwa mazoea ya watu wengine. Hili linaniuma.

Njia za kutenganisha zipo. Praima, yaani kipande kifupi cha DNA cha kuanzishia unakili, ikishika aina moja tu huzalisha nakala hiyo peke yake. Chembe za sumaku huweza kuivuta kutoka kwenye sampuli. Mashine mpya husoma jeni nzima, herufi elfu kadhaa, katika uzi mmoja. Na ipo njia nafuu zaidi: kupima wazazi. Ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana kikamilifu na mgonjwa, na sampuli za wazazi huonyesha nini kimetoka kwa nani. Pale mzazi amefariki, au yuko machimboni na simu haipatikani, hapo maabara lazima itenganishe yenyewe.

Naomba mwongozo wa wizara uagize kila ripoti itaje utata uliojitokeza na ulivyotatuliwa. Gharama za kupima wazazi ziingie kwenye Bima ya Afya kwa Wote. Mashine ya nyuzi ndefu nayo iwekwe Dodoma, Chuo Kikuu cha Dodoma kifundishe vijana kuiendesha. Kama fedha ni ya jambo moja tu, anza na wazazi, Mheshimiwa; hilo halisubiri mashine yoyote.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mtaalamu wa maabara, Dodoma