Barua kwa wifi yangu wa Malindi: taulo la jikoni nalo litiwe ua

Wifi yangu,

Salamu nyingi kutoka Lamu. Kusi inavuma, tumo ndani na kazi za mkono. Nilipokutumia picha ya taulo langu la jikoni nililolitia ua kwa sindano ukanijibu kwa kicheko: "Macho unayamalizia kwenye kitambaa cha kufutia sufuria?" Nimekaa na neno hilo siku tatu. Leo nakujibu hadharani, maana najua si wewe peke yako unayesema hivyo.

Kwanza, ni wewe kweli? Wewe ambaye kofia ya mkono hukaa mapajani mwako miezi, vitobo vidogo kama ufuta, na ikiisha anaivaa mume wa mwingine?

Mshono wenyewe hautakushinda. Nyuzi mbili fupi zinakingamana, basi. Mwalimu wetu wa sayansi kimu aliuita mshono wa msalaba. Bibi alipouona akasema huu ni mkasi ulioachwa wazi, na nyumbani tumebaki na jina hilo, mkasi.

Tofauti na kofia ni moja, nayo imenitoa jasho. Kwenye kofia ua huchorwa kwanza, sindano ikafuata kalamu. Hapa kitambaa ni kitupu, mchoro uko pembeni kwenye karatasi ya miraba, nawe unahesabu. Kitambaa changu cha Aida, kile kilichofumwa kwa vitundu vilivyopangana sawa, kina vitundu 14 kwa inchi, kwa hiyo ua lenye mikasi 70 kwa upana hutoka inchi 5. Ukiruka kitundu kimoja asubuhi, adhuhuri ndipo utajua, pande mbili zinapokataa kukutana. Nilifumua safu nne nzima huku mchuzi ukiungua. Siku hizi nakunja kitambaa mara mbili, na mikunjo inapokatana ndipo naweka mkasi wa kwanza.

Uzi huja na nyuzi sita. Vuta mbili tu. Sindano iwe butu, si ile kali ya kofia, kwani hii haitoboi, inapita kwenye kitundu kilichopo. Na mguu wa juu wa kila mkasi ulale upande mmoja. Ukigeuza mmoja tu, mwanga wa dirisha utakusengenya.

Nilianza na tamaa ya ua la kuchongwa mlangoni, lile la duara. Likatoka kama ngazi, maana mkasi haujui kupinda. Nikainua macho ukutani nikaona zidaka, vile vishubaka vya kuwekea vyombo, mistari yote imenyooka, kama vile fundi naye alikuwa akihesabu vitundu. Basi sasa nina utepe wa Aida wenye safu ya zidaka za buluu, na ndani ya kimoja nimetia birika. Utepe huo nimeushonea mwishoni mwa taulo. Katikati nimepaacha, pafute sufuria kama ulivyosema.

Birika lilikuwa jekundu. Uzi ule wa bei ya chini ulitoa rangi ulipoguswa na maji mara ya kwanza, buluu yangu ikapata michirizi ya waridi. Sasa kila uzi mwekundu naulowesha kwanza, kisha naukandamiza kwenye kitambaa cheupe nione. Pia usilaze sindano kwenye kazi usiku. Kwa hewa yetu hii ya chumvi utaamka na doa la kutu. Fremu nayo, ile ya kukazia kitambaa, ivue, isiache alama ya duara.

Bizari italipata taulo, najua. Lakini kofia nimeshona nyingi, na sijui leo ziko vichwani mwa nani. Taulo hili naliona kila ninapogeuka kutoka mekoni.

Nimekuwekea utepe mmoja na sindano butu mbili, mwanao atakuletea Ijumaa. Ukikwama kwenye hesabu nipigie, ila si saa ya mchuzi.

Wifi yako