Usiikimbie Salamu, Mwalimu Wangu

Nzuguni, Dodoma

Mwalimu wangu mpenzi,

Barua yako nimeipata. Pale ulipoandika kwamba walimu wenzako wanasema unaringa, niliumia sana. Mimi nakujua tangu tuko chuo. Ukikaa kimya unakuwa unatafuta neno zuri la kumwambia mtu, na kabla hujalipata mwenyewe ameshapita. Lakini watu wa Kibaigwa watalijuaje hilo? Kwetu mtu akinyamaza anahesabiwa kuwa anajisikia. Unawaogopa watu, nao wanadhani unawadharau. Ndiyo maana siwezi kukwambia uvumilie tu yatapita.

Najua pia wapo wanaokwambia, "Changamka bwana!" Hilo nimeambiwa tangu shule ya msingi na halijawahi kunisaidia. Mtu hachangamki kwa kuamriwa. Kilichonisaidia mimi ni kitu kingine kabisa.

Unakumbuka Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuwa inahamia Dodoma, na baadaye ofisi yetu ikaja huku. Mtaa niliopanga ulikuwa wa wageni watupu: huyu katoka Dar, huyu Mwanza, huyu Moshi, kila nyumba na ukuta wake na geti lake. Ijumaa jioni wenye familia Dar walikuwa wanaondoka, na tangu treni ya umeme ianze mwaka 2024 ndiyo kabisa. Jumamosi mtaa unapoa. Nilikuwa nashinda ndani nikiamini wenzangu wote wameshapata watu wao. Kumbe nao walikuwa ndani, wanasubiri mwingine aanze.

Kisha jirani mmoja akafiwa. Msiba hauna mwaliko, nikajifunga kanga nikaenda. Nikakabidhiwa ungo wa mchele nichambue. Tulikaa mkekani wanawake kadhaa, kila mmoja kainamia ungo wake: kidole kinasukuma punje pembeni, kinaokota kijiwe, kinatupa. Hakuna aliyenitazama. Mama mmoja wa Kigogo aliyekuwa kushoto kwangu akauliza, macho yake yakiwa kwenye mchele, "Na wewe mwanangu, kwenu wapi?" Nikamjibu huku naendelea kuchambua. Akauliza la pili, na mimi nikamuuliza lake. Mchele ulipokwisha nilikuwa najua kwamba ana shamba la zabibu Hombolo, kwamba goti la kulia linamsumbua, na kwamba mwanawe wa mwisho hajampigia simu siku nyingi. Yeye naye alikuwa anajua mambo yangu ambayo ofisini hakuna anayeyajua.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba aibu yangu inatokana na kutazamwa. Macho ya watu yakiwa kwenye kazi, ulimi unalegea wenyewe. Kwa hiyo sherehe na vikao vya kukaa tukitazamana sivitafuti, navihudhuria inapobidi. Ninachotafuta ni mahali penye kazi ya mikono: kupika shughulini, kufagia kanisani, kupanga viti vya kikao cha mtaa.

Wewe hapo shuleni omba ukusanye fedha za chai. Najua utashtuka, lakini fikiria kidogo. Anayekusanya ana sababu ya kumfuata kila mwalimu, na maneno ya kuanzia anayo tayari. Hutatafuta neno zuri, utasema tu, "Mwalimu, ya chai." Akikupa, usiondoke hapo hapo. Muulize habari ya kipindi alichotoka kufundisha.

Na salamu usiikimbie. Sisi wenye aibu tunasalimia huku miguu inaondoka. Kiswahili kimetupa ngazi nzima: za asubuhi, za nyumbani, watoto hawajambo, kazi je. Ipande mpaka juu, kisha ongeza swali moja linalomhusu yule yule. Kwa wazee wa Kigogo anza na "mbukwenyi" uone nyuso zinavyofunguka. Hapo sokoni chagua mama mmoja, mboga zako zote uchukue kwake. Akizoea kukuona, siku usipokwenda atakuulizia.

Kuna jambo moja lililonichukua muda zaidi kulikubali, nalo ni kuomba. Wewe na mimi tunajua kutoa. Tunachanga, tunaazima watu vitu, lakini tukiishiwa chumvi usiku tunalala bila kupika kuliko kumgongea jirani. Tunaona huo ni ustaarabu. Yule mama wa Hombolo aliendelea kuwa mtu wa salamu tu mpaka nilipomwomba anifundishe kupika mlenda wa unga. Akaja jikoni kwangu, akaweka maji na magadi, akanyunyiza unga kidogo kidogo huku anakoroga, akanishika mkono nilipotaka kuumimina wote. Tangu siku hiyo haiti "hodi" mara tatu akisubiri getini. Anaita moja huku anaingia. Nadhani mtu hawezi kujisikia yuko kwake katika nyumba ambayo haijawahi kumhitaji.

Wapo ambao hawatakuitikia. Wapo watakaokuitikia leo na kesho wakupite. Inauma, hasa kwa watu kama sisi tunaorudia neno moja kichwani usiku kucha, lakini usilichukue kama hukumu juu yako. Huhitaji kijiji kizima. Mtu mmoja wa kumwambia ukweli wako hapo Kibaigwa anatosha kwa sasa.

Umeniandikia kwamba yule mwalimu wa Hisabati naye hunywa chai peke yake dirishani. Mwombe akusaidie kusahihisha madaftari ya darasa lako siku moja, mkae meza moja na kalamu zenu nyekundu. Kisha niandikie alisema nini. Na shule zikifungwa panda basi uje, nitakupokea stendi ya Nanenane.

Nakupenda sana,
Rafiki yako wa siku zote