Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wafugaji wenzangu wa kuku wadogo wa bantamu, Tanga

Ndugu wanachama, assalaam aleikum, na Bwana asifiwe kwa wengine. Naandika nikijua wengi wenu mtaisoma mkiwa mmejilaza, maana kwenye mkutano hamji, basi angalau someni mpaka mwisho.

Ya kawaida mnayajua. Chanjo ya kideri tumepiga mara nne, kila miezi mitatu, tone moja jichoni yakaisha, waliochanja hawajazika kuku, wasiochanja waulizeni wenyewe. Misiba miwili tumekwenda. Mayai ya kuatamisha tumegawana, japo kuna watu walichukua na vifaranga hatujawaona. Maonyesho yalifanyika mwezi wa nane, kuku 38, turubai halikutosha wengine wakakaa chini ya mwembe.

Haya sasa, mizani. Najua ndo mlilokuwa mnalisubiri.

Nilitangaza wiki tatu kabla ya maonyesho kwamba jogoo wa gemu bantamu akizidi gramu 740 haingii kundi la bantamu, jike akizidi 620 hivohivo. Namba hizo sikuziota, ni kiwango cha Waingereza cha Old English Game wale wadogo, na wao ndo wenye kuku wao, walipokatazwa kupiganisha majogoo mwaka 1835 wakageukia kuwashindanisha kwa umbo, 1845 wakawa na maonyesho pale bustani ya wanyama ya London. Kuku huyu sifa yake udogo, kifua kipana, miguu imara, manyoya yamebana mwilini, ukimshika mkononi anajaa kama embe bivu. Sasa mtu anatoa kwenye tenga jogoo wa kilo moja na robo anasema bantamu! Huyo si bantamu, huyo ni kuchi, yule kuku mrefu wa kupigana, aliyekosa chakula. Na msije mkasema nawachukia kuchi, nimekua nao Ngamiani, marehemu baba alikuwa nao, lakini jogoo la kuchi linafika kilo mbili na nusu na kupita, ukimchanganya na bantamu unapata chotara mzuri wa supu.

Basi siku ile mizani iliwatoa kuku 17, na maneno yakaanza hapohapo. Eti mizani ni ya dukani kwa shemeji yangu. Ni ya shemeji, ndio, na nani kati yenu angetuazima bure? Eti jogoo wangu alisoma 735 kwa kuwa nilimshindisha njaa. Jamani! Alikunywa maji asubuhi na mtama kidogo, na huyo anayesema hivo wa kwake alizidi kwa gramu 210, hebu niambieni kuku wa saizi ile anameza wapi mahindi ya gramu 210, si atapasuka? Kombe nimechukua mimi, sawa, ila mwamuzi tulimtoa Muheza, hatujuani, tumewahi kukutana mara moja tu arusini. Na hili la kwamba niliamua peke yangu: kamati niliita mara mbili, tukafika mimi na katibu, mweka hazina alikuwa na homa mara zote mbili.

Moja nakubali. Ningepima siku moja kabla, mtu asipande basi na tenga toka Pangani aje arudishwe mlangoni. Mzee wetu wa Pangani nimempigia kumwomba radhi, hakupokea, nikatuma meseji.

Mahudhurio sasa. Daftarini tuko 46. Mkutano wa mwezi wa pili tulikuwa watano. Wa mwezi wa tano uliangukia siku Coastal wanacheza Mkwakwani, hilo kosa langu la tarehe, lakini hiyo mingine je? Nikipita mitaani nakuta watu wawili watatu barazani wanajadili chama, wakiniona wanahamia kwenye bei ya pumba.

Ada ni shilingi 2,000 kwa mwezi, haifiki hata bei ya kuku mgonjwa. Waliolipa mwaka mzima ni 9, nami nimo. Makusanyo yote 347,000, matumizi ya chanjo, kombe, turubai, chai na nauli ya mwamuzi 412,000. Hiyo 65,000 imetoka mfukoni kwangu, sidai, nataja tu ijulikane, maana kuna mtu alisikika akiuliza hela za chama zinaliwa na nani.

Mwaka ujao inshallah tuone kama tutapata mashine ya kutotolea, hata ya mayai machache, na vizimba vya kuonyeshea badala ya matenga, na labda tukutane na wenzetu wa Bagamoyo, nimeshaongea na mmoja kwa simu, alionekana kupenda. Uchaguzi upo, wanaosema nimekaa sana wachukue fomu, ila fomu ni kwa aliyelipa ada.

Kuchi watapata kundi lao, hilo nimekubali. Mizani naileta tena, shemeji hana neno.