Ukurasa wa kikundi si albamu ya mwenyekiti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu wa vikundi vya usafi wa mazingira, nikianza na kikundi chetu hapa Tanga.

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi tunasafisha ufukwe. Tuna ukurasa wa Facebook na grupu la WhatsApp. Juzi niliuperuzi ukurasa huo tangu mwanzo. Mgeni rasmi ameshika reki mpya. Mwenyekiti anapeana naye mkono. Sisi wengine tumepangwa mstari, fulana za aina moja, dole gumba juu. Takataka zenyewe nilizitafuta kwa tochi. Kwenye maoni ni "hongereni sana", "Mungu awabariki", na mtu mmoja anayetangaza dawa ya nguvu za kiume. Mzee mmoja muuza samaki pale Deep Sea aliwahi kuniuliza, "Mwanangu, hizi picha mnazopiga huwa zinakwenda wapi?" Nilicheka tu, maana sikuwa na jibu.

Majirani zetu Wakenya wanalo. James Wakibia, mpiga picha wa Nakuru, alikerwa na dampo la Gioto lililokuwa likimwaga plastiki hadi barabarani. Akalipiga picha, akalipiga tena, na mwaka 2015 akaanza kupaza sauti Twitter kwa hashtagi ya kutaka mifuko ya plastiki ipigwe marufuku. Waziri wa Mazingira wa wakati ule, Judy Wakhungu, aliunga mkono hadharani. Marufuku ikaanza tarehe 28 Agosti 2017, na adhabu yake yafika kifungo cha miaka 4 au faini ya shilingi milioni 4 za Kenya. Sisemi hashtagi peke yake ndiyo iliyotunga sheria. Wapo wengi waliosukuma, na serikali yenyewe ilikuwa imejaribu huko nyuma ikashindwa. Ninachokiona mimi ni kwamba mtu akiingia kwenye picha zile alijua mara moja kinachotakiwa. Kwetu akiingia anajua nani alikuwa mgeni rasmi.

Huku kwetu mifuko ya rambo ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, na kweli imepungua. Vilivyobaki ni vile vifuko laini visivyo na mshikio, vya kufungashia, ambavyo sasa ndivyo watu wanabebea dagaa. Mwezi uliopita niliviokota 41 kati ya ngalawa mbili tu. Nikavipanga mchangani, nikaweka ndala yangu pembeni ili ukubwa uonekane, nikapiga picha. Sura ya mama muuza dagaa sikuitia, kwa sababu yeye ananunua anachouziwa. Nikaandika mahali na tarehe, na ombi moja tu kwa ofisi ya kata: pipa la taka pale wanaposhukia wavuvi. Laiki zilikuwa 17. Picha ya mgeni rasmi ilipata zaidi ya 300. Lakini siku ya tisa yakaja mapipa mawili, moja halina mfuniko, na nayo hiyo niliibandika.

Lugha pia. Maelezo yetu tulikuwa tunayaandika kwa Kiingereza, eti wafadhili wataona. Mfadhili hajatokea, na mvuvi hakuelewa. Siku hizi natuma sauti ya dakika moja kwenye grupu. Haili bando sana, na wanaisikiliza huku wanashona nyavu.

Jambo la mwisho ni la aibu kidogo. Ukurasa wetu wa kwanza ulifunguliwa na kijana mmoja kwa namba yake ya simu. Akahamia Dar, laini ikapotea, na namba ya uthibitisho ikawa inatumwa kwenye laini isiyokuwepo. Miezi minane tulikuwa tukiutazama ukurasa wetu kama wapita njia, hatuwezi hata kumfuta yule wa dawa. Wekeni wasimamizi watatu, na mmoja wao asiwe mtu wa kuhamahama.

Jumamosi ijayo tuna mgeni rasmi tena. Nimejitolea kuwa mpiga picha, na ndala zangu nimeshaziweka tayari.

Mwanakikundi,
Tanga