Mahodhi ya kifahari juu ya boriti za mikoko

Mhariri,

Ghorofa za juu za nyumba kongwe za Mji Mkongwe, Unguja, zinageuzwa makazi ya kifahari. Si vibaya, kwani nyumba isiyokaliwa huoza. Kinachoziua ni uzito na saruji.

Dari zake zimebebwa na boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba ni vyembamba. Zege la sentimita 10 juu yake ni takriban kilo 240 kwa kila mita ya mraba. Hodhi la kuogea la lita 300 ni kilo 300 za maji, bado mtu hajaingia! Liwekwe kando ya ukuta, si katikati ya boriti, na mabomba yaachwe wazi. Bomba lililofukiwa huvuja kimyakimya, ncha za boriti zikaoza ndani ya ukuta. Zigonge kwa nyundo. Zikitoa mlio mzito usiovuma, zibadilishe.

Kuta za matumbawe zisipigwe lipu ya saruji: unyevu hukosa pa kutokea, chumvi huchanua (hujitokeza kama unga mweupe), lipu hubanduka na vipande vya jiwe. Loweka chokaa wiki kadhaa, changanya sehemu 1 kwa mchanga 3, lowesha ukuta, kisha piga tabaka nyembamba. Chokaa haina haraka. Mwenye haraka ni mwekezaji.

Mafundi wa chokaa,
Unguja