Kujaza duka si kujiandaa kwa sikukuu

Mhariri,

Kila msimu wa sikukuu unapokaribia, ushauri anaopewa mwenye duka dogo ni uleule: shusha mzigo mapema, jaza rafu, tangaza punguzo. Wengi wanaoufuata huuanza mwezi unaofuata duka likiwa limejaa na mfuko mtupu, mtaji wote umelala ndani ya bidhaa ambazo hakuna anayeziulizia. Kabla ya kujaza, kaa na daftari.

Chukua bidhaa moja tu inayokwenda haraka. Siku za kawaida hutoka vipande 6, lakini daftari la msimu uliopita linaonyesha kwamba siku za msongamano vilitoka 15. Mzigo huchukua siku 8 tangu kuagizwa hadi kufika. Anayeagiza kwa mazoea husubiri vibaki vipande 48, yaani 6 mara 8. Kwa mwendo wa 15 kwa siku, vipande hivyo vinaisha mapema siku ya nne, na rafu inakaa tupu karibu siku 5, tena zile zenye wateja wengi. Hesabu ya msimu ni 15 mara 8, yaani 120. Na kwa kuwa wasafirishaji nao huelemewa wakati huo, ongeza akiba ya siku 4 za kuchelewa: vipande 60. Vikibaki 180, agiza. Asiye na daftari la mwaka jana apekue risiti za manunuzi. Hazitamwambia siku, ila zitamwambia kiasi.

Hesabu hiyo ina upande wake wa pili, nao ni siku ya mwisho ya kuagiza. Siku 8 za mzigo kufika, 4 za kuchelewa, 2 za kuhakiki, kubandika bei na kupanga: jumla 14. Zikibaki pungufu ya hizo kabla ya mkesha, usiagize kitu kisichouzika baada ya sikukuu. Chaja ya simu itapata mteja hata baadaye. Karatasi ya kufungia zawadi yenye maandishi ya sikukuu itakungoja mwaka mzima.

Wauza nguo na viatu wana mtego wao: kuagiza saizi zote kwa idadi sawa. Saizi za kati huisha kwanza, zinabaki za pembeni, na duka linaonekana limejaa ilhali kila anayeingia anatoka mikono mitupu.

Sasa punguzo, ambalo kwa maoni yangu ndilo linaloua maduka mengi zaidi kuliko wizi. Kitu ulichonunua 70 na kuuza 100 kinakupa faida ya 30. Ukipunguza asilimia 20, unauza 80 na faida inabaki 10. Umepunguza bei kwa sehemu moja ya tano, lakini faida umeikata theluthi mbili. Ili upate faida ya vipande 10 vya awali, sasa uuze 30. Je, unavyo hivyo 30? Mara nyingi huna, na kile kilichopunguzwa bei kingenunuliwa hata bila punguzo.

Kosa baya zaidi hufanywa na anayeongeza asilimia 30 juu ya 70 na kuuza 91, kisha anatangaza punguzo la asilimia 30 akidhani anarudi kwenye bei ya kununulia. Anauza 63.70, na kila kipande kinaondoka na hasara ya 6.30. Asilimia ya kupandisha ilihesabiwa kwenye 70. Ya kushusha inahesabiwa kwenye 91. Ukitaka kuvutia wateja, ni nafuu kumpa mnunuzi zawadi ya kitu kidogo kinachosuasua, kwa sababu kwako kinahesabiwa kwa bei ya kununulia.

Kaunta nayo ina hesabu yake. Kama mteja mmoja huchukua dakika 4, na 2 kati ya hizo ni za kufunga bidhaa, mtu mmoja atahudumia wateja 15 kwa saa. Weka wa pili afunge tu, nao watafika 30. Huyo wa kufunga hahitaji kujua bei wala kushika pesa, hivyo hata kibarua wa siku mbili anafaa, mradi mifuko na gundi vipo vya kutosha. Anayepokea pesa aanze siku na chenji iliyohesabiwa na kuandikwa, na malipo ya simu ayathibitishe kwenye simu ya duka, si kwa ujumbe anaoonyeshwa na mteja. Foleni ikiwa ndefu, hapo ndipo ujumbe wa kughushi hupita.

Jioni, kabla ya kugusa mauzo, tenga kwanza pesa ya msambazaji aliyekukopesha mzigo. Iwekwe kwenye akaunti nyingine kabisa, si kwenye bahasha ndani ya droo ileile.

Mtunza hesabu za maduka madogo